Kawia Ufike Haisemi Kaa Nyumbani

Hapa Busia kuna ushauri usiolipiwa, na kila mtu anao. Uchaguzi ukikaribia Kenya au Uganda, au vijana wakitangaza maandamano Nairobi, utausikia steji, redioni, msikitini, kanisani, na kwa mbadilishaji pesa aliyekaa chini ya mwavuli wake karibu na geti: ahirisha safari. Mwenye akili husubiri mambo yatulie. Kawia ufike. Husemwa kwa upole na mtu anayekutakia mema, ndiyo maana hakuna anayeupinga. Mimi naupinga.

Siupingi kwa kuwa naona hatari ni ndogo. Nimekaa mpakani muda wa kutosha kujua harufu ya tairi linaloungua na kujua maana yake ni kurudi nyuma. Naupinga kwa sababu unautoa mzigo kwa wenyewe na kumtwisha abiria, kisha abiria akilemewa anaambiwa hakutumia akili.

Nianze na usiku mmoja. Jumapili, 6 Julai 2025, nilipanda basi la usiku kutoka Busia kwenda Nairobi. Kesho yake ilikuwa Saba Saba. Tarehe hiyo haikumshtukiza mtu. Tangu mkutano wa Kamukunji wa 7 Julai 1990 wa kudai vyama vingi, Kenya nzima inaijua, na mwaka huo, siku chache tu baada ya maandamano ya 25 Juni, hakuna aliyedhani Jumatatu itapita hivi hivi. Kijana aliyenikatia tiketi alijua. Nilimuuliza kama tutafika. "Tutafika, mzee, usiwe na wasiwasi," akasema, akanipa risiti ya shilingi 1,500. Nyuma yake palikuwa na maneno matatu kwa wino uliofifia: nauli iliyolipwa hairudishwi.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Tororo, na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka kama sita, jicho la kushoto limefungwa bandeji. Walikuwa na siku ya kliniki Nairobi Jumatatu asubuhi, siku waliyoingoja tangu Aprili. Kikapu chao cha plastiki kilikuwa na chapati tano zilizofungwa kwenye gazeti, karanga za kuchemsha, na chupa ya soda iliyojazwa maji. Pesa za mama zilikuwa sehemu mbili: kidogo ni shilingi za Kenya alizobadilisha getini jioni ile kwa kiwango kibaya, nyingi zilibaki kwenye simu yenye laini ya Uganda. Alikuwa amepanga vizuri. Kikapu kile kilikuwa cha safari ya kwenda na cha kusubiri daktari.

Alfajiri basi likasimama Kabete. Mbele yetu magari yalikuwa yamejipanga, taa za nyuma nyekundu mpaka macho yanapoishia, na mbele yao askari wameziba njia za kuingia mjini. Ilikuwa baridi ile ya Julai inayopenya kwenye sweta. Kondakta akafungua mlango akasema mwisho wa safari ni hapa. Abiria wakauliza, tufanyeje? "Kila mtu ajipange." Tulikuwa tumebakiza kilomita kama 10 kufika katikati ya jiji. Wenye miguu na moyo wakaanza kutembea. Mama yule alibaki kando ya barabara na mtoto, akataka kununua chai, akakuta kibanda hakipokei pesa za laini ya Uganda. Saa mbili asubuhi aligawa chapati ya mwisho, nusu kwa mtoto, nusu akairudisha kwenye gazeti.

Kilichonichoma zaidi si askari wala kondakta. Ni abiria mwenzetu, mtu mzima, mwenye heshima zake, aliyekwama pale pale kama sisi, ambaye alimwangalia mama yule akamwambia kwa huruma kabisa: "Lakini mama, si ungeahirisha?"

Mama hakujibu. Nami sikujibu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu nililopaswa kutoa.

Kuahirisha ni neno la mtu mwenye nafasi. Anaahirisha mwenye mshahara unaoingia awepo asiwepo. Anaahirisha anayesafiri kutembea. Kliniki ya macho iliyopangwa miezi mitatu kabla haiahirishwi na mgonjwa; mgonjwa asipofika anarudi mwisho wa foleni, na mtoto yule alipewa siku nyingine mwezi wa tisa. Mwenye nyanya za kupeleka sokoni haahirishi, maana nyanya hazimngojei. Hawezi kuahirisha mwanafunzi wa Tororo ambaye shule yake Kenya inafungua Jumatatu, wala mtu aliyefiwa. Dereva wa trela aliyebeba samaki kwenye barafu ndiyo kabisa. Ukiwatoa hao wote barabarani, waliobaki ambao ushauri wetu unawafaa ni wachache, na aghalabu ndio hao wanaoutoa.

Tena kwa mtu wa mpakani neno "nyumbani" lenyewe lina utata ambao watu wa Nairobi na Kampala hawaujui. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia kwenye himaya ambayo baadaye ikawa Kenya, na mstari ukawapitia Wasamia na Wateso katikati. Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo mpaka mwaka 1997 ilipopewa wilaya yake. Kuna watu wanalala upande mmoja na kulima upande wa pili. Kuna kanisa ambalo padri wake anavuka geti kila Jumapili. Hata boda boda, ambayo leo ni neno la Afrika Mashariki nzima, inasimuliwa kuwa ilizaliwa hapa hapa Busia, enzi za baiskeli, vijana walipokuwa wakibeba watu na mizigo kati ya kizuizi cha nchi moja na cha nchi nyingine, wakiita "boda, boda". Kazi iliyozaliwa na shida ya kuvuka ndiyo inayolisha maelfu ya nyumba. Kumwambia mtu wa namna hii akae nyumbani mpaka siasa za nchi jirani zitulie ni kumwambia asiishi kwa wiki sita, na wiki hizo hazina anayezilipia.

Wanaotetea ushauri huu hunikumbusha mwaka 2008, na nakubali kwamba hiyo ndiyo hoja yao kubwa. Matokeo ya uchaguzi wa 27 Desemba 2007 yalipotangazwa tarehe 30, barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret haikupitika kwa amani. Vijana waliweka mawe na magogo, wakasimamisha magari, wakadai vitambulisho wasome majina. Jina la ukoo lilitosha kumtoa mtu uhai. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia zile. Reli ya kwenda Uganda iling'olewa Kibera. Mafuta ya Uganda, ambayo karibu yote hupita Kenya, yakawa haba, bei Kampala ikapanda zaidi ya maradufu, na Rwanda ikaanza kugawa kwa kipimo. Malori yalifika Malaba kwa misafara, askari mbele na nyuma. Nani angemshauri mtu asafiri katika hali ile?

Lakini tuwaangalie waliokufa walikuwa wapi. Watu waliochomwa ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, hawakuwa kwenye basi. Walikuwa wamejikusanya karibu na makwao wakingoja mambo yatulie, wanawake na watoto wengi. Walifanya kile kile tunachoambiwa ni busara. Na tuwaangalie waliopona. Maelfu walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda, hesabu za wakati ule zikafika 12,000, wakapokelewa na kupelekwa Mulanda huko Tororo, na baadaye wengi wao wakahamishiwa Kiryandongo. Hao walipona kwa sababu walisafiri. Walisafiri usiku, kwa malori, kwa miguu, na watoto mgongoni, wakati ambapo sauti zote rasmi zilikuwa zikisema watu watulie majumbani. Kama geti la Busia lingefungwa siku hizo kwa jina la usalama, sijui tungekuwa tunahesabu wangapi leo.

Kwa hiyo mwaka 2008 haumsaidii anayesema kaa nyumbani. Mwaka ule ulifundisha jambo lingine: mtu anahitaji kujua njia ipi iko wazi, saa ngapi, na nani yuko mbele. Aliyejua alinusurika, ama kwa kwenda ama kwa kubaki. Asiyejua aliingia kwenye kizuizi akiwa amelala kwenye kiti.

Na hapo ndipo ugomvi wangu hasa ulipo. Ushauri wa kuahirisha umetufanya tuione misukosuko ya siasa kama mvua ya mawe, jambo la Mungu ambalo binadamu hujificha likapita. Siasa ina kalenda. Uchaguzi una tarehe kwenye katiba. Maandamano hutangazwa wiki mbili kabla, kwa mabango na kwa simu. Hata pale jambo lilipogeuka ghafla, kama 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa 8 Agosti, tulipewa tarehe nyingine, ambayo mwishowe ikawa 26 Oktoba, na kila mwenye basi la kupita Kisumu alikuwa na zaidi ya mwezi mmoja wa kujua kwamba wiki ile Kisumu hapatapitika vizuri. Hapakupitika. Kura hata haikupigwa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Na wiki ile ile madirishani kwetu tiketi za kupitia Kisumu ziliuzwa kama kawaida, maneno yale yale nyuma ya risiti.

Mwenye basi atasema naye ni mhanga. Ni kweli, nami simtanii. Basi moja likichomwa ni mkopo wa benki wa miaka, na bima ya kawaida ya gari haimlipi hasara ya ghasia za kisiasa mpaka awe amenunua kinga ya ziada. Akiamua kutotoa gari tarehe fulani, ana haki, na mimi nitakuwa wa kwanza kumtetea. Akiamua kulitoa kwa njia ndefu na nauli kubwa, ana haki pia, mradi aseme. Asichokuwa na haki nacho ni kuuza kiti mpaka cha mwisho akijua huenda kisifike, kumshusha abiria kilomita 10 kabla ya mahali alipolipia, na kubaki na nauli yote. Dukani mtu akilipia kilo mbili za sukari akapewa kilo moja na nusu, hatumwambii mnunuzi kwamba angeahirisha kunywa chai.

Watu hudhani kudai hivi ni ndoto za Ulaya. Ni kweli Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2011 kwamba basi la masafa ya kilomita 250 na zaidi likifutwa au likichelewa sana, abiria achague kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa njia nyingine. Kutoka Busia kwenda Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Ila mfano unaonigusa zaidi ni wa meli za watalii, zile kubwa ambazo mara moja moja hutia nanga Mombasa. Mikataba yao humpa nahodha ruhusa ya kuruka bandari yenye vurugu bila kumuuliza abiria, na abiria hulalamika sana. Lakini meli ikiruka bandari, abiria yule bado ana kitanda chake, chakula cha jioni kiko mezani, na kesho yake ataamka bandari nyingine. Anachopoteza ni matembezi. Mama wa Kabete alipoteza jicho la mjukuu wake kwa miezi miwili zaidi, akiwa amesimama kwenye baridi na nusu chapati. Tukiona ni haki tajiri alalamike juu ya ratiba yake, tusione ni ujinga maskini kulalamika juu ya ya kwake.

Serikali nazo haziwezi kujificha nyuma ya ushauri huu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika 1 Julai 2010, na ibara yake ya 7 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia na kutembea katika nchi nyingine. Ibara hiyo hiyo inaruhusu haki hiyo ibanwe kwa ajili ya usalama wa umma, na inaitaka nchi inayobana iziarifu nchi nyingine. Wizara iarifu wizara. Neno hilo la kuarifu ni zuri, na nalisikitikia kwa sababu linaishia ofisini. Abiria aliye kwenye kiti namba 23, ambaye haki yenyewe ni yake, hakuna mahali anapoarifiwa.

Na akipata hasara, aende wapi? Baada ya ghasia za 2008 kampuni moja, ambayo bidhaa zake zinazoharibika zilikwama bandarini Mombasa, ilifungua kesi Arusha katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, shauri namba 1 la mwaka huo, ikidai fidia kwa Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Mahakama ilisema haina mamlaka ya kulisikiliza, kwa kuwa mamlaka ile ya bandari si nchi mwanachama wala chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sina ugomvi na majaji. Walisoma mkataba ulivyoandikwa. Lakini ikiwa kampuni yenye mawakili iligonga mlango wa mahakama ya Jumuiya ikarudi mikono mitupu, mwenye gunia la vitunguu wa Malaba ambaye lori lake lilikaa barabarani siku nne hata hajui mlango uko upande gani.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema mpaka ufungwe kabisa wakati wa uchaguzi, ili shari ya jirani isivuke. Hao nawajibu kwa ufupi, maana historia imewajibu tayari. Desemba 1987 risasi zililia hapa Busia kati ya nchi mbili, geti likafungwa, na waliolipa ni wenye vioski. Rwanda ilifunga geti la Gatuna, mpakani mwake na Uganda, Februari 2019 na halikufunguliwa rasmi mpaka 31 Januari 2022. Mpaka wetu hauna ukuta. Geti likifungwa, watu hupita kati ya nyumba, shambani, na mtoni Sio penye maji ya magoti, na kila njia ya panya ina kijana anayetoza. Anayefaidika na geti lililofungwa ni yeye. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa na Rais Museveni na Rais Kenyatta 24 Februari 2018 kilijengwa ili mtu asimame mara moja tu, upande anaoingia. Hakikujengwa ili kiwe jengo zuri la kutazamwa likiwa limefungwa.

Ubaya mwingine wa kumwambia mtu asubiri ni kwamba wakati huo huo tunamnyima kitu cha kumwonyesha lini asiendelee kusubiri. Uganda ilipopiga kura 18 Februari 2016, ilifunga mitandao ya kijamii pamoja na huduma za pesa za simu. Mkesha wa uchaguzi wa 14 Januari 2021 ilizima intaneti yote, ikakaa gizani siku zipatazo tano. Niliwaona watu wenye laini za Kenya wakisogea mpaka karibu kabisa na mstari, simu juu, wakitafuta mtandao wa ng'ambo ili wajue tu kama gari la Jinja linatembea. Siku vijana walipoingia Bunge la Kenya, 25 Juni 2024, intaneti ilisuasua Nairobi, na hata Uganda ikaguswa. Serikali inayozima mawasiliano kwa kusema inalinda usalama inamwondolea msafiri kinga pekee aliyokuwa nayo. Dereva asiyejua kilicho mbele huendelea kwenda mbele.

Wanaonielewa haraka kuliko wote ni madereva wa trela. Hao hawajawahi kuwa na anasa ya kuahirisha, kwa hiyo wamejifunza kusafiri. Kaa nao Malaba, kwenye vibanda vya chai ambako foleni huanza, uwasikilize. Kila mmoja yuko kwenye kundi la simu lenye madereva waliotawanyika kutoka Mariakani hadi Mbale. Ujumbe ni wa sauti, kwa kuwa mikono iko kwenye usukani: "Webuye pako sawa. Turbo kuna mawe, polisi wamefika. Ukiwa Bungoma lala hapo hapo." Jina la mahali, saa, na kitu alichokiona kwa macho yake. Uvumi hawaupokei; anayerusha habari ya kusikia huulizwa "uko wapi wewe?" na asipojibu wanamtoa. Wanabeba shilingi za nchi mbili, noti ndogo ndogo. Wana maji na unga wa siku tatu kwenye kibini. Wanajua kwamba Busia na Malaba zimeachana kilomita kama 30 tu, na kwamba barabara ya Kisumu na ile ya Eldoret ni nadra kuharibika siku moja, kwa hiyo huamua wakiwa bado Nakuru, siyo wakishafika kwenye moto.

Sijui kwa nini maarifa haya yaishie kwa madereva. Kampuni yenye mabasi kwenye njia zote mbili ina uwezo wote wa kufanya hivyo hivyo: kumwambia abiria dirishani kwamba tarehe hii tunapita Eldoret hadi Malaba, tutachelewa saa tatu, usipotaka chukua nauli yako. Kaunti ya Busia kwa Kenya na wilaya za Busia na Tororo kwa Uganda zina redio zinazosikika pande zote mbili, kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia. Tangazo la saa kumi na mbili jioni la barabara zilizofungwa lingewafikia watu kabla hawajakata tiketi. Polisi wanaopanga kuziba njia za jiji alfajiri wanajua tangu jana yake. Wangelitaja lile waliloamua saa nne usiku, basi la Busia lingelala Nakuru, penye vyoo na chai, badala ya kuamkia Kabete. Sioni hapa jambo linalohitaji mfadhili.

Msafiri naye ana sehemu yake, sitaki kuificha. Wakati wa joto la siasa usitoke mkesha wa tarehe yenyewe kama unaweza kutoka siku mbili kabla. Usiweke pesa zako zote kwenye simu ya upande mmoja wa mpaka. Uwe na namba ya mtu Nakuru au Eldoret au Jinja ambaye unaweza kulala kwake. Kwenye steji uliza kwa sauti, mbele ya watu, barabara ikifungwa nauli yangu itakuwaje, na umtake anayekujibu aandike. Watu watano wakiuliza hivyo kwenye foleni moja, kijana wa tiketi atampigia simu tajiri wake. Haya ni mambo ya mtu anayekwenda. Hayafanani na kukaa.

Na methali yenyewe, wazee walioitunga waliiweka maneno mawili. Kawia, ufike. Sisi tumelichukua la kwanza tukalitumia kumfungia mtu mlango, la pili tukaliacha. Aliyekawia bila kufika hakutii methali hiyo. Mama wa Tororo alikuwa tayari kukawia. Angelala Nakuru, angepita Eldoret, angengoja mpaka Jumanne kama mtu angemwambia Jumatatu asubuhi haitapitika. Alinyimwa neno moja la ukweli kwenye dirisha la tiketi, na kwa kukosa neno hilo akarudi kwao kupitia Malaba siku ya Jumatano akilipa nauli nyingine kamili, mtoto amelala mapajani na bandeji ile ile.

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Jumatatu tarehe 9 jioni, kama kawaida, patakuwa na watu steji ya Busia wakitaka kiti cha usiku, wengine wametoka Tororo asubuhi. Wenye mabasi, polisi na kaunti wana muda wa kutosha kutuambia watu hao watapita njia ipi, na wasipopita nauli yao watarudishiwa na nani. Nauliza sasa, kwa maandishi, na nitapita dirishani kuuliza tena.